Sheria za kazi hubadilika katikati ya mwezi: yaliyonipata na ninavyozifuata sasa

Dada uliyeuliza kama semina moja kwa mwaka inamtosha meneja mpya wa wafanyakazi: haitoshi. Nimekaa kiti hicho miaka kumi na mmoja, kiwandani Industrial Area, Nairobi, hapa Kenya, na kosa lililonifunza zaidi ni la Januari 2025.

Sheria iliyorekebisha kodi ilianza kutumika 27 Desemba 2024. Tangu hapo makato ya SHIF (bima ya afya ya jamii) na ushuru wa nyumba (makato ya kugharimia nyumba za bei nafuu) huondolewa kwanza, ndipo PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ikokotolewe kwa kinachobaki. Sisi tulikuwa tumeshalipa mishahara kabla ya Krismasi na nusu ya ofisi iko mashambani. Tuliporudi, Januari tukaipiga kwa hesabu ya zamani. Aliyegundua ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuja na hati yake ya mshahara na ya mkewe, anayefanya kazi kampuni nyingine. Mishahara yao inalingana, akaniuliza, mbona yeye anakatwa kodi kubwa kuliko mkewe? Ni shilingi mia kadhaa, lakini Januari, karo inadaiwa, huwezi kumwambia mtu ni kidogo. Tulirekebisha mwezi uliofuata, nami nikapita kila idara kuomba radhi.

Redioni utasikia Rais ametia saini. Wewe tafuta sentensi inayotaja siku sheria inapoanza, kisha uifuate mpaka ndani ya programu ya mishahara. Gazeti Rasmi la Serikali hutoka Ijumaa. Mimi hulipitia Jumatatu asubuhi, kabla simu hazijaanza, na mhasibu yuko kando yangu. Viwango vya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, kwa mfano, vimekuwa vikipanda kila Februari: kikomo cha juu cha mshahara unaokatwa kilikuwa 18,000 mwaka 2023, kikawa 36,000, kisha 72,000 mwaka 2025. Hiyo iweke kwenye kalenda mapema, mwenye mshahara mzuri asije akashtukia tu pesa zimepungua.

Wengi wetu tunaangalia Bunge na kusahau korti. Ushuru wa nyumba ulianza 2023, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hicho hicho kwa mwajiri. Tarehe 28 Novemba Mahakama Kuu ikasema unakiuka Katiba. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa makato yaendelee rufaa ikisubiriwa, tukasimamisha. Sheria mpya ikatiwa saini 19 Machi 2024, tukarudia kukata. Kila hatua ilihitaji tangazo ukutani kwa Kiswahili, maana mtu akiona makato yamekuja na kwenda bila maelezo, anaamini ofisi inamla.

Korti pia ndiyo inayotufundisha maana ya sheria ambayo haijaguswa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, kabla ya kupigwa kalamu kwa utovu wa nidhamu au kazi duni. Soma hukumu kwenye tovuti ya Kenya Law, ni bure. Utaona waajiri waliokuwa na sababu nzuri kabisa wakishindwa kwa kuruka kikao hicho, na fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Nasoma hukumu mbili kila wiki, na naona zimenifaa kuliko semina zote nilizolipiwa hotelini.

Kitabu cha kanuni za kampuni nacho kikague. Chetu hakikuwa na likizo ya mwezi mmoja ya mfanyakazi anayepokea mtoto wa kuasili, ilhali sheria iliiingiza 2021. Hakuna aliyekuwa ameiomba kwetu, lakini angeiomba tungemwambia haipo.

Kwa kuanzia, chukua hati yako mwenyewe ya mshahara wa mwezi huu uikokotoe kwa kalamu, mstari kwa mstari, kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, ambapo makato yanapaswa kuwa yamewasilishwa. Mstari usioweza kuueleza, anza kusoma hapo.