Kreti kumi na tisa

Juzi mwanafunzi wa takwimu huko Njoro ameniandikia: "Mwalimu, kwa nini nisumbuke na binomiali ilhali kengele inanipa jibu upesi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo limewahi kunigharimu kreti 19 za miche ya parachichi. Binomiali ni hesabu kamili ya uwezekano wa jambo kutokea mara kadhaa katika majaribio kadhaa, mfano miche miwili kukauka kati ya 20; kengele ni mchoro wa mgawanyo wa kawaida, unaoikadiria tu.

Nina kitalu kidogo Bahati, hapa Nakuru. Miche yangu ikishashika baada ya kupandikizwa, mwezi wa kwanza hukauka kama miwili tu katika 100. Kabla ya masika nikatangaza ofa: nunua kreti ya miche 20, ikikauka miwili au zaidi ndani ya mwezi, nakupa kreti nyingine bure. Usiku nikapiga hesabu kwa kiburi cha mtu aliyepata A chuoni. Wastani wa miche mikavu kwa kreti 0.4, mkengeuko sanifu (kipimo cha kutawanyika kuzunguka wastani) 0.63, nikafungua jedwali la kengele: uwezekano wa miwili au zaidi ni asilimia 0.5. Nikiuza kreti 300, nitalipa moja au mbili. Nikalala usingizi wa pono.

Mama mmoja wa Subukia ndiye aliyenifungulia mlango wa hasara. Alikuja na miche miwili mikavu ameifunga ndani ya leso, akaifungua taratibu mezani: "Mwalimu, neno lako." Wakafuata wengine. Shemeji yangu, tunayemwagilia naye, akawa anahesabu kwa sauti kila ninapotoa kreti. Mpaka leo ananiita Profesa, na si kwa heshima.

Binomiali ingeniambia ukweli mapema. Kreti isikauke hata mche mmoja: 0.98 ijizidishe mara 20, yaani 0.668. Ukauke mmoja tu: 0.272. Kinachobaki ni 0.06, na 0.06 ya kreti 300 ni 18. Hata ningeirekebisha kengele kwa nusu, nianzie 1.5 badala ya 2 kwa kuwa miche huhesabiwa mizima na kengele haina mapengo, ningepata asilimia 4 tu. Tena kengele yangu ile, ukiichunguza, inadai kwamba karibu robo ya kreti zina miche mikavu pungufu ya sifuri. Labda kuna iliyofufuka.

Sasa nisikilizeni, vijana. Zidisha idadi kwa uwezekano wa kufaulu (kwangu, mche kukauka), kisha idadi hiyo hiyo kwa uwezekano wa kufeli. Majibu yote mawili yafike 10 (wapo wanaoridhika na 5), ndipo uiguse kengele. Mimi nilikuwa na 0.4, na kanuni hiyo nilikuwa nimeifundisha kwa mdomo huu huu! Kwa miche yangu yote 6000 kengele ingefaa kabisa: 120 kwa 5880. Mwanahisabati De Moivre alipoitoa kengele hiyo London mwaka 1733, kuzidisha kwa mkono kulikuwa adhabu. Wewe una simu mfukoni, unamhurumia nani?

Na ukungu ukiingia kreti ukaambukiza mche hadi mche, hata binomiali iweke kando, kwa maana yenyewe inataka kila mche ufe kivyake.

Ofa ya msimu huu ipo, ila ni miche mitatu au zaidi: asilimia 0.7. Shemeji ameikagua mara mbili.