Maswali na majibu: Jukwaa liweje hapa Mwanza?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: jiji letu likijenga kituo cha sanaa za maonyesho, kiweje?

Kwa nini kituo hicho kiwe na kumbi tatu au nne? Si wajenge mmoja mkubwa yaishe? (Fundi, Buzuruga)

Sauti, fundi. Muziki wa okestra unataka mwangwi ukae kama sekunde 2, ndipo unakolea. Mwigizaji akisema humo, maneno yanapandana; yeye anataka sekunde 1 hivi. Ndiyo maana Sydney Opera House ya Australia, iliyofunguliwa 1973, ina kumbi kadhaa. Ukumbi wa leo harusi, kesho semina, keshokutwa igizo, una sakafu bapa: ukikaa nyuma utaangalia visogo vya watu mpaka mwisho.

Ngoma zetu zitaingia humo? (Msomaji, Kisesa)

Zitaingia, lakini si zote. Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, ina majembe yanayorushwa na kudakwa, kwa hiyo dari iwe juu. Hilo dogo. Wewe wa Kisesa unaijua Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Bujora, mwezi wa Juni: vyama viwili vya ngoma, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wanacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta umati ndiye mshindi. Watu wakichoka hapa wanahamia kule, na manju, kiongozi wa ngoma, anaona kabisa anavyokimbiwa. Sasa mketishe mtazamaji huyo kwenye kiti chenye namba, katikati ya safu, aombe radhi kwa magoti ya watu ndipo atoke. Shindano limekufa hapo. Fedha zikipungua, mimi ningekata viti vya mahameli, uwanja wa wazi wa ngoma hizo ubaki.

Huo uwanja ukiwa ufukweni, jukwaa litazame wapi? (Mwalimu wa sanaa, Ilemela)

Swali zuri, mwalimu, na halina jibu la raha. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Mwigizaji akilipa ziwa kisogo, upepo unamsaidia kufikisha sauti kwa watazamaji. Ila ufukwe wa mjini unatazama magharibi. Saa kumi na moja jioni watazamaji wote watakuwa wamekinga macho kwa kadi za mwaliko. Mkiligeuza jukwaa, jua linamwingia mwigizaji machoni na upepo unamrudishia maneno. Ningeacha ziwa nyuma ya jukwaa, onyesho lianze jua likishazama, kama saa moja kasoro. Taa zikae mbali na vinywa vya waimbaji: wale wadudu wadogo wa ziwani wakitokea, wanajaa kwenye mwanga kama moshi.

Binti yangu anataka kusomea fani hii. Wapi? (Mama wa Nyegezi)

TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni cha Bagamoyo. Akitaka shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na si lazima awe mwigizaji, mama. Mafundi wa taa na sauti nao wanatakiwa.

Bwalo letu la shule limeezekwa bati, halina dari. Mvua ikinyesha siku ya igizo? (Mwanafunzi, Magu)

Msishindane na bati, mtapoteza sauti na igizo. Wekeni tayari ngoma au kipande cha vitendo bila maneno, kiingizwe mvua ikianza, mazungumzo yarudi ikipungua. Na jukwaa lihamishieni kwenye ukuta mrefu wa bwalo badala ya ule mfupi wa mwisho. Safu ya nyuma itakuwa karibu zaidi, na mtasikika hata manyunyu yakiendelea.