Uliza Ujibiwe: Sahani za santuri, niziuze?

SWALI: Mwanangu habari za kazi. Mimi mstaafu nipo Tanga, nina sahani za santuri kama mia mbili hivi, ya kwanza nilinunua 1974 kwa mshahara wangu wa kwanza wa shamba la katani, ilikuwa ya Simba Wanyika, wale wenzetu wa hapa hapa waliohamia Nairobi, nikaifunga kwenye gazeti nikaendesha baiskeli kwa mkono mmoja mpaka nyumbani na wakati huo hata plea sina, nilikuwa naenda kupigia kwa jirani. Sasa watoto wanasema baba nyimbo zote hizo zipo kwenye simu, na mama yao anataka kabati lake. Na kweli zimeshika ukungu, nyingine zinakwaruza. Ila nikisikiliza kwenye simu sipati raha ile, nimejiuliza ndo uzee nini? Niambie niziosheje na kama niziuze.
Mzee wa Sahani, Tanga

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Si uzee, hebu kumbuka tulivyokuwa tunasikiliza. Sahani ndogo ile ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika, upande mmoja unabeba dakika nne tano basi, na bendi zetu hazikuwa za kumaliza wimbo kwa dakika nne, kwa hiyo wimbo unakatwa vipande viwili: upande A wanaimba weee, gitaa ndo kwanza linaanza kuchangamka, sauti inafifia, kimya. Watu wamesimama katikati ya sebule wanakutazama wewe. Unanyanyua mkono wa plea, unageuza sahani kwa viganja bila kugusa mistari, unapuliza vumbi, unashusha sindano, kwaruu kwaruu kidogo, halafu ndo sebene lenyewe. Simu inakuunganishia kila kitu, au inakupa nusu (nyingi nimezikuta mtandaoni ni upande A tu, aliyeweka sijui alichoka?). Kazi yako kwenye ule wimbo ilikuwa kugeuza, sasa hivi huna kazi, unakaa tu kama mgeni.

Kuosha si shida. Tafuta maji ya betri yale yasiyo na asidi, hapa uliza mara mbili usije ukauziwa asidi, tia tone moja tu la sabuni ya maji ya vyombo, na kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Futa kwa kuzunguka, fuata mistari, usikate katikati, na ile karatasi ya katikati isilowe. Suuza kwa maji hayo hayo bila sabuni, kausha kivulini, nasema kivulini mzee, jua la Tanga litakurudishia bakuli. Kava la karatasi lililooza kwa ukungu tupa, usirudishe sahani safi ndani yake. Halafu zisimamishe kama vitabu, ukizilaza zinabebana na zinapinda.

Kukwaruza kunaweza kuwa sindano iliyokwisha, badilisha hiyo kwanza kabla hujalaumu sahani. Na ile sarafu tuliyokuwa tunafunga kwa mpira juu ya kichwa cha sindano ili isirukeruke, kama bado ipo itoe leo, hiyo ndo inatafuna sahani.

Kuuza? Wanunuzi wapo, Nairobi pale Kenyatta Market kuna vibanda vya santuri mpaka leo, na Wazungu wanazitafuta kweli sahani za Afrika Mashariki. Ila nakuotea na wewe uliandika jina lako kwa biki pale katikati, si ndo ilikuwa kinga ya wakopaji wasiorudisha? Mnunuzi atakupunguzia bei kwa jina hilo. Mimi ninayo moja ya mtumba imeandikwa jina la mtu nisiyemjua na chini yake "HAIAZIMWI", naipenda kuliko zote. Kama ni lazima kabati lirudi kwa mama, toa zile ulizonazo mbilimbili, na zilizopinda kabisa. Ile ya 1974 usiiguse.

SWALI: Bibi ameniachia gramafoni ya kuzungusha mkono na sahani nzito zinavunjika kama za kulia. Nimesoma nizioshe kwa spiriti, ni sawa?
Mjukuu, Unguja

JIBU: Usithubutu! Hizo ni za mizunguko 78, zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu na spiriti inauyeyusha. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha. Sindano yake ya chuma unabadilisha kila upande mmoja, ndiyo, kila upande, zilikuwa zinauzwa kwa kikopo kwa sababu hiyo. Na usizipige kwenye plea ya kisasa kwa sindano ya kawaida, mistari yake ni mipana zaidi. Halafu soma maandishi yake vizuri, maana Siti binti Saad na wenzake walisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za namna hiyo kwa HMV, wale wa picha ya mbwa anasikiliza gramafoni. Ukikuta mbwa na jina la Siti pamoja, usimpe mtu yeyote aishike, hata mimi nikija.