The Dark Knight Rises ipimwe kwa picha ya kwanza, siyo kwa Joker

Mleta uzi kauliza kama picha ya 3 ya Batman wa mwongozaji Christopher Nolan ni mbovu kama inavyosemwa, au inaonewa tu kwa kuwa ilikuja nyuma ya The Dark Knight ya 2008. Mwishoni akaongeza swali: Bruce Wayne (ndiye Batman), anayeonekana mgahawani Florence, Italia, baada ya kudhaniwa amekufa, ni wa kweli, au ni mawazo ya Alfred, mtumishi aliyemlea? Nitajibu yote, ila la kwanza litachukua nafasi kubwa.

Msimamo wangu uko hivi. Ina makosa mengi kuliko mbili zilizoitangulia, tena mengine makubwa. Na bado sijaona picha ya mashujaa iliyofunga hadithi yake vizuri kuliko hii.

Miaka ile nilikuwa nakodisha CD za muvi Morogoro. Wateja waliochukua hii ya 3 walirudi na sura mbili tofauti. Aliyekuwa ameiona ile ya 2008 peke yake alirudi analalamika: adui, Bane, anaongea kama yuko ndani ya pipa, stelingi anachelewa kuvaa vazi lake, hakuna vurugu za Joker, adui wa picha ya pili. Aliyeanzia Batman Begins ya 2005 alirudi anataka kukaa tuzungumze. Yeye naye alikuwa na malalamiko, lakini alikuwa ameguswa. Baada ya kuliona hilo mara kwa mara nikawa namwambia kila anayeulizia ya 3: chukua na ya kwanza. Ya pili hata kama umeisahau kidogo, utaelewa tu.

Ugomvi wote unaanzia hapo. Heath Ledger, aliyecheza Joker, alifariki Januari 2008, miezi michache kabla The Dark Knight haijatoka, na mwaka uliofuata akapewa Oscar akiwa kaburini. Joker wake akawa kipimo cha kila adui aliyekuja baadaye. Nolan alifanya uamuzi mzito: katika picha ya 3 Joker hatajwi hata kwa jina. Kwa hiyo mwaka 2012 watu wengi sana waliingia ukumbini wakimtafuta mtu ambaye hayumo. Picha iliingiza zaidi ya dola bilioni 1, lakini haikupendekezwa kuwania hata Oscar moja.

Sasa iweke pembeni ya Batman Begins uone. Ya kwanza inaanza na mtoto aliyetumbukia kisimani, popo wanamrukia, baba yake anateremka kwa kamba kumchukua. Kwenye njia ya kurudi nyumbani baba anamuuliza kwa nini tunaanguka, kisha anajibu mwenyewe: ili tujifunze kuinuka. Miaka 7 baadaye Nolan anamrudisha mtoto yuleyule, akiwa mtu mzima aliyevunjwa mgongo na Bane, ndani ya shimo lingine lililo gereza, na kamba nyingine kiunoni. Anajaribu kupanda na kamba, anaanguka. Anajaribu tena, anaanguka. Mfungwa mzee anamwambia tatizo lake ni kwamba haogopi kufa, apande bila kamba kama alivyopanda yule mtoto anayesimuliwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kutoka humo. Anapofika pale pa kuruka, popo wanatoka ukutani.

Tazama kilichofanyika hapo. Picha nzima ya kwanza ilikuwa mafunzo ya kuishinda hofu. Ra's al Ghul, mwalimu wake aliyekuja kuwa adui, alimfundisha Bruce kuigeuza hofu kuwa silaha, na watazamaji tulikubali kwamba huo ndio ushujaa. Ya 3 inarudi na kusema somo lile lilikuwa nusu. Mtu asiyeogopa kufa hana sababu ya kurudi nyumbani. Bruce wa mwanzo wa picha hii, anayetembelea fimbo na kujifungia ndani miaka 8, ndiye yule mwanafunzi aliyefaulu somo la Ra's al Ghul hadi likamla. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya picha ya mwisho: kulishika swali lililofunguliwa mwanzo na kulijibu kwa namna ambayo hukuitegemea, bila kuigeuza ya kwanza kuwa uongo.

Linganisha na Spider-Man 3 ya 2007. Pale walifukua kifo cha mjomba Ben, kilichokuwa kimeshafungwa vizuri katika picha ya kwanza, wakasema aliyemuua hasa ni Sandman. Hitimisho likaenda kuharibu msingi, na Peter wa 2002 akapungua uzito bila sababu.

Kiungo cha pili kati ya picha hizi ni koti. Katika Batman Begins, usiku ule wazazi wa Bruce walipouawa, Gordon, rafiki wa Batman katika polisi, wakati huo akiwa askari wa kawaida, anamvisha mtoto koti mabegani. Ni tukio la sekunde chache. Dakika za mwisho za picha ya 3, Gordon anamuuliza Batman kama watu hawapaswi kumjua aliyewaokoa. Jibu analopewa ni kwamba shujaa anaweza kuwa yeyote, hata mtu aliyemwekea mtoto koti mabegani kumwonyesha kwamba dunia haijaisha. Gordon anakaa kimya, halafu inamjia. Kuna mteja wangu mmoja, baba mtu mzima ambaye si mtu wa picha za aina hii kabisa, alikuja dukani kunisimulia sehemu hiyo tu. Mapigano hakuyataja. Yeye alikuwa amechukua zote tatu kwa ajili ya wanawe.

Halafu kuna suala la kuacha. Batman yupo vitabuni tangu 1939 na hajawahi kuruhusiwa kustaafu moja kwa moja, kwa sababu biashara inamhitaji mwezi ujao. Hata Bane alipomvunja mgongo katika vitabu vya 1993, alipona akarudi kazini. Nolan, akiandika na mdogo wake Jonathan, alithubutu kusema huyu mtu ana haki ya kumaliza. Anayelibeba hilo ni Alfred. Pale Alfred (Michael Caine) anapomwambia Bruce kwamba aliichoma barua ya Rachel, mwanamke aliyempenda na aliyeuawa katika picha ya pili, na kwamba Rachel alikuwa amemchagua mwendesha mashtaka Harvey Dent, anajua atafukuzwa. Anasema hivyohivyo. Sijui kama kuna mapigano katika trilojia nzima yanayouma kama mazungumzo yale ya kwenye ngazi.

Na kwa kuwa nimetaja mapigano: lile la kwanza la Bane na Batman chini ya ardhi halina muziki. Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa picha hii, ambaye kwingine kote anapiga ngoma na kuimbisha umati, hapo ananyamazishwa. Unasikia maji na ngumi. Ndiyo maana linatisha.

Sasa makosa, maana siwezi kuitetea kwa kuyaficha. Yale ambayo watu wanayapigia kelele sana, kwamba Bruce alirudije Gotham, mji wake, bila pesa wala pasipoti, au mgongo uliponaje kwa ngumi na kuning'inizwa, mimi hayaninyimi usingizi. Hadithi ya mtu anayevaa masikio ya popo tayari imeomba ruhusa ya namna hiyo.

Kosa linaloniuma ni watu wa Gotham. Katika The Dark Knight kuna meli mbili, moja ya raia na moja ya wafungwa, kila moja imeshika kitufe cha kuilipua nyingine. Hapo mji una sauti, na unachagua. Katika ya 3 Bane anateka mji kwa miezi mitano, anawaambia wananchi mji sasa ni wao, wauchukue kutoka kwa matajiri. Wanafanya nini? Hatuoni. Tunaoneshwa majambazi waliotolewa gerezani, tunaoneshwa Scarecrow, adui wa picha ya kwanza, akiwahukumu matajiri watembee juu ya barafu, tunaoneshwa polisi wakitoka mashimoni kupigana. Mama muuza duka yuko wapi? Dereva wa basi alifikiri nini alipoambiwa kuna bomu mtaani kwake? Picha inayosema shujaa anaweza kuwa yeyote ilipaswa kutuonyesha huyo yeyote, japo kwa dakika tano kati ya zaidi ya saa mbili na nusu.

Kosa lingine ni uongo kuhusu Dent: aligeuka muuaji, lakini mji uliambiwa alikufa shujaa na lawama akabebeshwa Batman. Ya pili iliishia kwenye uongo huo, tukaambiwa mji unasimama juu yake. Bane anausoma ukweli mbele ya gereza la Blackgate, Blake, polisi kijana, anamkasirikia Gordon, basi. Deni la picha nzima limelipwa kwa tukio moja. Na Talia, binti wa Ra's al Ghul aliyejifanya rafiki wa Bruce: kumfichua dakika za mwisho kunampunguza Bane ghafla. Mtu tuliyemwogopa muda wote anageuka mlinzi wa mtu mwingine, kisha anapigwa kombora na picha inaendelea bila hata kumtazama mara ya pili. Tom Hardy, aliyemcheza Bane, aliigiza kwa macho tu, nusu ya uso ikiwa imefunikwa, akatengeneza mtu kamili. Alistahili kuagwa vizuri zaidi.

Ndiyo maana nasema unahitaji vipimo viwili. Ukiichukua kama picha inayojitegemea, naiweka ya 3 kati ya tatu bila kusita. Ukiichukua kama hitimisho, hizo nyingine mbili zinahitaji iwepo ili zikamilike.

Kuhusu Florence. Wanaosema ni ndoto wana hoja moja nzuri: Alfred alishasimulia mapema kwamba alitamani amwone Bruce pale, kwa hiyo akili yake inaweza kumletea. Lakini ushahidi wa kwamba Bruce yuko hai hautoki kwa Alfred. Fox, anayemtengenezea Batman vifaa, ndiye anayeambiwa na mafundi kwamba mfumo wa kujiendesha wa ile ndege Batman aliyobebea bomu ulisharekebishwa miezi sita kabla, na aliyeurekebisha ni Bruce Wayne. Mkufu wa lulu wa mama yake haupatikani mali zinapohesabiwa. Gordon anaikuta taa ya popo juu ya paa imetengenezwa. Blake anapewa mfuko wenye maelekezo ya kufika kwenye pango la Batman. Hakuna hata moja kati ya hayo manne linalotoka kichwani mwa Alfred. Mtu hawezi kuota mambo ambayo watu wengine wameyagusa kwa mikono yao, kwa hiyo aliyekaa pale mezani na Selina, yule mwizi aliyemsaidia kuokoa mji, ni Bruce mwenyewe.