Jina langu halikusomwa, nikaumia: je, hicho ni kiburi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Dodoma mjini, na kila mwezi huenda kusali kijijini kwetu, wilayani Chamwino. Nikifika huwekwa kiti cha mbele, na wakati wa mnada wa sadaka, kuku na mazao yaliyotolewa yanaponadiwa, macho yote huwa kwangu. Mwezi uliopita yalisomwa majina ya waliochangia mabati ya kanisa, langu likarukwa, nami nikarudi mjini na uchungu uliodumu wiki nzima. Je, hicho ni kiburi? Na je, nikatae kukaa mbele?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Wengi wetu hudhani kiburi ni cha mtu anayefoka na kudharau wenzake, kwa hiyo mwenye sauti ya upole hujiona yuko salama. Uchungu wako umekufunulia jambo ambalo upole wako ulilificha. Mabati uliyoyatoa yamekwisha kupigiliwa, na masika yakija hayatavuja eti kwa sababu jina lako halikutajwa. Basi kilichopotea ni nini, isipokuwa malipo uliyokuwa ukiyangoja moyoni bila kujua? Juu ya watoao ili watukuzwe na watu, Bwana alisema, “Wamekwisha kupata thawabu yao” (Mathayo 6:2). Wewe hukuipata, na kwa hesabu hiyo katibu aliyelisahau jina lako amekutendea wema.

Hata hivyo sisemi kwamba kusoma majina ni dhambi, maana Paulo mwenyewe katika Warumi 16 anawataja watu wengi kwa majina na kuwasalimu, na baadhi yao anawashukuru. Kufurahia shukrani ni ubinadamu. Ugonjwa huanza pale sadaka inapokosa utamu kwa kukosa kutangazwa.

Kuhusu kiti, usikatae. Katika Luka 14 Yesu anamwelekeza aliyealikwa akakae nyuma, lakini mwenyeji akisema, “Rafiki, njoo huku mbele zaidi,” mgeni huondoka na kwenda. Nimewahi kumwona mtu akivutwa mkono na mzee wa kanisa, akakataa mara tatu, hata kwaya ikanyamaza kumngoja. Siku ile watu walirudi nyumbani wakimzungumza yeye kuliko Neno lililohubiriwa. Kaa unapowekwa, na siku usipowekwa, kaa penye nafasi.

Unyenyekevu haumtaki mtu ajitukane. Asemaye “mimi si kitu” huku akitega sikio asikie wenzake wakimkanusha, bado anajitafutia sifa, ila kwa njia ya mzunguko. Tazama Yohana 13, mstari wa 3, ambao mara nyingi tunauruka tukikimbilia beseni la maji: Yesu alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, na ya kuwa alitoka kwa Mungu naye anakwenda kwa Mungu, ndipo akaondoka chakulani akajifunga kitambaa. Aliosha miguu ya wanafunzi wake akiijua hadhi yake, wala haikumlazimu kuilinda.

Kwa hiyo safari ijayo fika Jumamosi, ushuke garini uwasalimie wazee kwa “mbukwenyi” kabla hawajakufuata, kisha ushike ufagio pamoja na wanaosafisha kanisa. Kwenye mnada, kijana mwenye elfu mbili akitaja bei ya kuku aliyetolewa na mjane, usimpandishie. Acha amchukue kuku huyo, nawe fungu lako umkabidhi mhazini ndani ya bahasha. Mwanzoni utaona kama unaigiza. Endelea tu, maana moyo huchelewa kuifuata mikono.

Wala usimkumbushe katibu habari za ile orodha. Akija mwenyewe kukuomba radhi, mpokee, na usimsimulie jinsi ulivyoumia.