Usilipie mini PC kabla hujachomeka flashi yako

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nina laki nne, nichukue mini PC gani niweke Linux?" Nikacheka peke yangu. Swali hilo ndilo lililoniumbua mwaka 2023.

Mwaka ule nilijiona fundi. Nikashuka Kariakoo, nikanasa kwa mini PC mpya, kiboksi cha kompyuta kinachong'aa, kinaenea kiganjani. Muuzaji akaniapia kila kitu kinafanya kazi, na kweli kilifanya, kwenye Windows. Usiku nikaweka Debian 12, moja ya aina za Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Ilikuwa imetoka Juni. Waifai hakuna. Si kwamba inakatakata. Haipo, kana kwamba mashine haikuzaliwa nayo. Amri ya lspci ikanionyesha chipu ipo, ila ilikuwa mpya kuliko kerneli 6.1 (kiini cha mfumo) inayokuja na Debian 12, hivyo draiva yake, programu ya kuiendesha, haikuwamo. Ningebadilisha kadi? Imechomelewa kwenye bodi. RAM nayo hivyohivyo. Nyumbani sina intaneti ya waya, basi wiki tatu simu ilikaa imefungwa kwenye USB kama mbuzi kwenye mwembe.

Nikarudi dukani. Jamaa akanijibu mbele ya wateja, "Bro, weka Windows utapona." Wakacheka wote. Hadi leo nikipita mtaa ule natembea upande wa pili. Najua, ni utoto.

Baadaye nikajua kwamba kerneli mpya kutoka backports, ghala la Debian la programu mpya zaidi, ingemaliza tatizo. Nilikuwa nimeshamuuzia shemeji kwa hasara. Akaweka Windows, akapona kweli.

Safari ya pili nilikwenda na flashi yenye Linux mfukoni. Sikutazama kipya. Nikachagua ThinkCentre M710q ya mtumba, mini PC ya Lenovo yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 7, nikaiwasha kwa flashi palepale juu ya kaunta: waifai, sauti, tundu la waya wa mtandao, kulala na kuamka. Muuzaji akanuna. Mwache anune, hela ni yako.

Na mitumba hii ina siri yake. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa karibu prosesa zote za kizazi cha 7 kurudi nyuma. Maofisi yanazitoa, wewe unazipokea. Linux inaziendesha bila kinyongo. Ukifungua M710q unakuta nafasi 2 za RAM, moja ya M.2 (SSD ndogo nyembamba), na moja ya diski ya inchi 2.5. Unaongeza ukipata hela. Ila dai adapta yake ya asili, usikubali ya kuokoteza.

Umeme usikutishe. Mashine ikila wati 10 saa zote, mwezi mzima ni uniti 7.2 za LUKU. Feni ya dari inakula zaidi.

Lakini vijana wa siku hizi mnapenda kung'aa! Mnauliza rangi, mnauliza taa, hamuulizi chipu ya waifai ni ipi. Mtu anajinyima miezi sita kisha analipa kwa dakika tano. Nenda na flashi. Wakikukatalia kuichomeka, ondoka, duka la pili liko hatua kumi.

Yote haya nilimwandikia yule kijana, ujumbe mrefu kama barua ya posa. Kajibu asubuhi: "Asante sana kaka. Ila nishatanguliza nusu, kinakuja leo na boda. Kina taa za bluu."