Stroberi zimegeuka njano: tuandikeje bajeti ya harambee?

SWALI: Kikundi chetu cha Limuru kina bustani ya sanaa: ukuta na viti vya mozaiki, na chini yake matuta ya stroberi, miche 300. Tangu tumalize ukuta miezi minne iliyopita, majani yanageuka njano na miche kadhaa imekufa. Tunataka kuitisha harambee ya shilingi 90,000 tung'oe yote na kupanda upya. Bajeti ikaeje? – Katibu

JIBU: Katibu, msiitishe bado. Hamjajua mnachougua. Mkipanda miche mipya kwenye udongo uleule nayo itageuka njano, na mara ya pili wachangiaji hawatapokea simu zenu.

Mimi nashuku ule ukuta. Saruji ina chokaa, na maji ya kuoshea ndoo na mwiko kwa kawaida humwagwa palepale. Stroberi hupenda pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya 5.5 hadi 6.5; ikipanda zaidi, madini ya chuma yamo udongoni lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Angalieni majani machanga ya katikati: yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, ni upungufu wa chuma. Yakianza njano yale makuukuu ya chini, pengine ni upungufu wa naitrojeni tu, na hiyo hairekebishwi kwa harambee. Chukueni kijiko cha udongo mkavu wa karibu na ukuta, mmimine siki. Ukitoa povu, chokaa ipo.

Sasa ile iliyokufa. Ng'oeni mmoja, mpasue kitako chake kwa kisu, pale majani yanapochipukia. Ndani kukiwa na rangi ya kahawia au wekundu wa kutu, ni uozo. Mara nyingi huletwa na maji yanayotuama, au mche uliozikwa mno; kitako kinatakiwa kiwe usawa wa udongo. Tuta lenye uozo msilirudishie stroberi kwa miaka isiyopungua mitatu. Geuzeni pia majani: utando mwembamba na vidoadoa vinavyotembea ni utitiri mwekundu.

Kisha pelekeni udongo ukapimwe. Maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, iko Kabete, si mbali nanyi. Chimbeni sehemu 10, kina cha sentimita 15, mchanganye, mbebe nusu kilo. Matuta ya karibu na ukuta yawe sampuli yake peke yake, la sivyo wastani utawadanganya.

Ikithibitika ni chokaa, okoteni vipande vyote vya saruji, mwondoe udongo wa juu uliochafuka na mjaze mwingine uliochanganywa na mboji. Salfa ya unga, gramu 50 hadi 100 kwa mita mraba, husaidia, ila huchukua miezi. Kwa haraka nunueni mbolea ya chuma aina ya EDDHA; ile ya EDTA ni nafuu lakini hushindwa pH ikizidi 6.5.

Miche msinunue 300. Chagueni miche mama 40 mizima kabisa, mwachie kila mmoja machipukizi matatu yanayotambaa, myabane kwenye vikopo vya udongo. Baada ya wiki nne hadi sita mna miche 120 bure. Kwa mche mama mgonjwa msichukue hata moja.

Kitakachobaki ndiyo bajeti, nayo itakuwa ndogo kuliko 90,000. Iandikeni kwa kipimo na bei ya duka, si "pembejeo" kwa jumla. Sanaa yenyewe inaweza kuchanga: uzeni vigae vyenye majina ya wachangiaji. Vigae 60 kwa shilingi 500 ni 30,000. Kila kimoja kikiwagharimu 120, mnabaki na 22,800. Wengi husahau kutoa hiyo gharama. Pesa ziingie kwenye paybill ya kikundi, si simu ya mweka hazina, na kama mtawaomba watu wasio wanachama, ulizeni kwanza ofisi ya maendeleo ya jamii kuhusu kibali.

Vigae hivyo vibandikwe huku matuta yamefunikwa kwa karatasi ya nailoni, na ndoo zioshwe nje ya geti.